Kuhama fani ya ubingwa katikati ya residensi Marekani

Daktari anayefikiria kuhama fani katikati ya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, huanza na swali la moyo: hivi kweli nitaweza kufanya kazi hii miaka thelathini? Swali ni la haki. Lakini kwa aliyetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na sasa yuko wodini Marekani, kuna swali linalotakiwa kutangulia, nalo ni la kalenda. Milango ya kuhamia hufungwa kwa tarehe tofauti. Mmoja hufungwa Septemba, mwingine Machi, na mmoja ukishafungwa haufunguki tena. Wengi hugundua hilo wakiwa mwaka wa tatu, baada ya kuvumilia wakiamini kwamba uvumilivu peke yake utawaonyesha njia.

Tuanze na viza, kwa sababu ndiyo inayowabana watu wetu kuliko kitu kingine. Madaktari wengi waliosomea nje ya Marekani wako kwenye residensi kwa J-1, viza ya wageni wa mafunzo, na mdhamini wao ni ECFMG, taasisi inayohakiki vyeti vya madaktari waliosoma nje, ambayo sasa iko chini ya Intealth. Kanuni za serikali zinamruhusu daktari wa J-1 kubadili fani mara moja tu, tena si baada ya miaka 2 tangu alipoingia nchini kwa hadhi hiyo, au tangu alipopewa hadhi hiyo akiwa tayari yumo nchini. Saa haianzi siku ulipoanza kuichukia fani. Inaanza siku ulipoingia. Aliyetua mapema Juni 2025 na kuanza kazi Julai, miaka yake 2 inatimia Juni 2027, yaani kabla ya programu nyingi za Julai 2027 kuanza. Akipanga kuhama kupitia msimu wa maombi wa mwaka wake wa pili, anacheza na wiki chache. Kwa hiyo andika barua pepe mapema kwa afisa wa hospitali anayeshughulika na ECFMG, anayeitwa TPL, umwulize kwa maandishi tarehe yako ya mwisho ni ipi. Usikisie, na usitegemee jibu la korido.

Jambo la pili la J-1 liko nyumbani kwetu. Ili upewe udhamini, Wizara ya Afya ya nchi yako iliandika barua ya uhitaji, inayosema kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani fulani na kwamba umeahidi kurudi ukimaliza. Barua ile inataja fani kwa jina. Iliyoandikwa kwa ajili ya magonjwa ya ndani haifai kwa magonjwa ya akili. Ukihama, unahitaji barua mpya, yenye maneno yanayotakiwa, sahihi na mhuri. Kinachokwamisha mara nyingi ni maneno yenyewe: ofisa anaandika barua nzuri ya kukusifu badala ya maneno ambayo ECFMG inayataka, nayo inarudishwa. Mpe yule anayekufuatilia Dodoma au Nairobi nakala ya maneno rasmi, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na jina kamili la fani mpya. Anza kufuatilia mara tu upatapo ofa. Mei si mwezi wa kuanza kutafuta mhuri.

La tatu ni jumla ya miaka. J-1 ina ukomo wa miaka 7. Uliyefanya upasuaji miaka 2 kisha ukaanza magonjwa ya akili kutoka mwaka wa kwanza, utatumia 2 na 4, unabakiwa na mmoja wa feloshipu, yaani mafunzo ya ubingwa bobezi baada ya residensi. Ukipokewa mwaka wa pili wa magonjwa ya akili, unabakiwa na miwili. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja inaweza kuamua kama utakuwa bingwa wa akili za watoto, kwa mfano, kwa sababu feloshipu yake ya kawaida ni miaka 2. Wenye H-1B, viza ya kazi, hawana kanuni ya mara moja, lakini wana ukomo wa miaka 6, na hospitali mpya lazima iwasilishe maombi yake yenyewe. Baadhi ya programu hazidhamini H-1B kabisa. Ondoa hizo kwenye orodha kabla hujalipia maombi.

Sasa moyo. Kuchoka si ushahidi kwamba fani si yako. Mwaka wa kwanza wa residensi unachosha katika karibu kila fani yenye wodi. Kikomo cha saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4, ni kikomo cha juu, na wapo wanaoishi karibu nacho kwa miezi. Mtu asiyelala, aliye mbali na kwao, anayeamka kwenye giza la Januari huko Minnesota au Michigan, ataiona fani yoyote kuwa mbaya. Kuhama kwa sababu hiyo ni kuruka majivu na kukanyaga moto, maana fani mpya nayo ina mwaka wake wa kwanza.

Njia ninayoiamini ni ya polepole na inahitaji daftari. Kwa wiki 8, kila unapomaliza zamu, andika mistari miwili: kazi gani leo ulitamani iendelee, na ipi ulitamani iishe. Andika kazi yenyewe, usiandike hisia. "Kumweleza mama wa mgonjwa majibu ya kipimo." "Kusubiri simu ya bima." "Kuweka mrija wa mshipa mkubwa." "Mzunguko wa wodi wa saa 4." Baada ya wiki 8 utaona mgawanyo. Ikiwa ulivyovichukia ni simu za bima, makaratasi, zamu za usiku na mwalimu mmoja mkali, basi vingi vya hivyo utavikuta huko uendako. Ikiwa ulichokichukia ni kiini cha fani, kama daktari wa upasuaji asiyependa kuwa ndani ya chumba cha upasuaji, au daktari wa magonjwa ya ndani anayeona mzigo kumfuatilia mgonjwa wa kisukari mwaka hadi mwaka, hapo una jambo la kweli.

Kisha waangalie watu watatu: aliye mwaka wa mwisho wa residensi, bingwa aliyemaliza miaka mitano iliyopita, na bingwa mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Usiwaulize kama wanaipenda kazi, kwa kuwa jibu la adabu unalijua. Uliza Jumanne yao ikoje tangu asubuhi hadi jioni. Uliza wanalipwa kwa kufanya nini hasa. Uliza walichoacha kufanya ambacho walidhani wangekifanya. Fani unayoiona ukiwa interni, yaani mwaka wa kwanza wa residensi, ni kipande chake kibovu kuliko vyote. Interni wa magonjwa ya ndani anaishi wodini, ilhali mabingwa wengi wa fani hiyo wanafanya kazi kliniki au katika matawi kama moyo, figo na tumbo. Interni wa upasuaji anashika simu na fomu za kuruhusu wagonjwa, wakati wenzake wakubwa wako mezani.

Halafu ijaribu fani mpya kwa mwili wako. Tumia wiki 2 hadi 4 za mzunguko wa hiari. Programu nyingi zina nafasi hizo, ingawa mwaka wa kwanza ni chache na huenda ikabidi ubadilishane na mwenzako. Ukienda usingizi na ganzi, usichague siku ya mgonjwa mgumu tu. Kaa saa 7 na mgonjwa ambaye hali yake haibadiliki, uone kama utulivu ule unakupa raha au unakupa usingizi. Ukienda radiolojia, kaa na msomaji hadi mwisho wa orodha yake, siku nzima bila kumgusa mgonjwa. Patholojia ina uchambuzi wa vipande kwa mikono kabla ya darubini, kazi ambayo wageni huwa hawaitarajii. Magonjwa ya akili yana mazungumzo marefu mazuri, na yana pia usiku wa dharura ambapo unaamua kumzuia mtu hospitalini bila ridhaa yake. Yeyote anayehamia huko akidhani ni pahali pa kupumzikia atashtuka mwezi wa kwanza.

Yapo mambo mengine matatu yanayovaa nguo ya "fani si yangu". La kwanza ni sonona. Kama huli, huna furaha hata siku ya mapumziko, au unawaza kujidhuru, hilo linatangulia kila kitu kilichoandikwa hapa. Muone daktari, ambaye si mwalimu wako, kabla ya kujaza fomu yoyote. Hospitali zenye residensi zinatakiwa kuwapa madaktari wake huduma za siri za afya ya akili, na kuzitumia si aibu. La pili ni programu mbaya. Penye matusi, upendeleo, au kulazimishwa kudanganya saa za kazi, dawa inaweza kuwa kuhama programu ukabaki kwenye fani ileile, na huko miezi yako mingi huhesabiwa. La tatu ni kwamba unachokitaka kipo ndani ya fani uliyomo, kwa mlango wa feloshipu. Uangalizi mahututi unafikiwa kutoka magonjwa ya ndani, upasuaji, usingizi na hata tiba ya dharura. Tiba ya maumivu haina mlango mmoja wa usingizi tu. Tiba shufaa, ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, iko wazi kwa mabingwa wa fani nyingi, na tiba ya uraibu iko wazi zaidi. Tiba ya usingizi wa usiku inapokea kutoka magonjwa ya ndani, familia, watoto, neva na akili. Daktari wa tiba ya familia anayetamani kukaa na wanaokaribia kufa hana haja ya kuanza upya. Amalize miaka yake 3, kisha aongeze mmoja.

Ukishajua kwamba kweli unahama, jambo la kuhesabu ni miezi gani itakuhesabia, na hapa watu wengi wanamwuliza mtu asiye sahihi. Mkurugenzi wa programu mpya anaweza kukupokea mwaka wa pili, lakini anayeamua kama utaruhusiwa kufanya mtihani wa ubingwa ni bodi ya fani hiyo. Programu inaomba, bodi inakubali au inakataa, na jibu linatakiwa liwe la maandishi kabla hujasaini mkataba. Mifano ya kawaida: residensi ya usingizi ni miezi 48, ambapo 12 ya mwanzo ni ya msingi wa tiba kwa ujumla na 36 ni ya usingizi wenyewe. Mwaka wa kwanza wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani unaweza kufaa kama ile 12, ilimradi una angalau miezi 6 ya kuhudumia wagonjwa waliolazwa, angalau mwezi mmoja wa uangalizi mahututi na angalau mwezi mmoja wa dharura. Kama mwezi wa mahututi haumo, unadaiwa. Radiolojia nayo inataka mwaka mmoja wa tiba kwa wagonjwa, kisha miaka 4 ya radiolojia. Tiba ya urekebishaji viungo ni mwaka mmoja na mitatu. Magonjwa ya akili ni miaka 4, na aliyefanya mwaka wa magonjwa ya ndani, watoto au familia mara nyingi anaweza kuingia mwaka wa pili. Kinyume chake ni kigumu: kutoka radiolojia au patholojia kwenda upasuaji ni kuanza chini kabisa. Bodi ya upasuaji pia inataka miaka 2 ya mwisho ifanyike programu moja, hivyo anayehama akiwa amechelewa hana njia ya mkato.

Kwa sababu hiyo, ukiwa bado kwenye fani ya zamani, panga mizunguko yako iliyobaki ili ijaze pengo. Anayewaza kwenda usingizi aombe mwezi wa mahututi kabla ya Juni. Ni jambo dogo kwa mpanga ratiba, na linaweza kukuokoa mwaka.

Fedha za serikali ni sehemu ambayo madaktari vijana hawaambiwi, na baadaye wanashangaa kwa nini programu iliyowapenda imenyamaza. Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, huzilipa hospitali sehemu ya gharama za kufundisha. Unapoanza residensi ya kwanza, unapewa idadi ya miaka kulingana na fani uliyoanza nayo, isiyozidi 5, na idadi hiyo haibadiliki ukihama. Ndani ya miaka hiyo hospitali inakuhesabu kamili katika malipo ya moja kwa moja. Ikiisha, unahesabiwa nusu. Malipo mengine, yale yasiyo ya moja kwa moja, hayapunguzwi kwa sababu hiyo. Sasa piga hesabu. Aliyeanza tiba ya familia ana miaka 3. Akifanya 2 kisha akaenda radiolojia ya miaka 4, mwaka mmoja tu ndio kamili na mitatu ni nusu. Aliyeanza upasuaji ana miaka 5. Akifanya 2 na kwenda usingizi kwa 3 iliyobaki, amelipiwa yote. Hivyo kutoka fani ndefu kwenda fupi ni rahisi, na kutoka fupi kwenda ndefu kunahitaji hospitali itakayokubali pungufu hilo.

Usikate tamaa kwa hesabu hiyo, lakini. Sheria ya bajeti ya 1997 iliwekea hospitali nyingi kikomo cha nafasi kinachotokana na idadi waliyokuwa nayo 1996, na hospitali kubwa nyingi zimevuka kikomo hicho kwa fedha zao wenyewe. Kwa nafasi iliyo juu ya kikomo, miaka yako ya Medicare haibadilishi sana chochote. Andika kwenye maombi tarehe kamili za kuanza na kumaliza kila kipindi cha mafunzo ili ofisi ya elimu ya hospitali ipige hesabu mapema. Atakayeficha mwaka mmoja atagundulika kwenye uhakiki, na hapo suala si fedha tena.

Njia za kuingia ni mbili. Ya kwanza ni Mechi, mfumo wa kitaifa unaowapangia madaktari nafasi za residensi, kwa kurudi ERAS, mfumo wa kutuma maombi mtandaoni, kama ulivyofanya mara ya kwanza: programu zinaanza kuona maombi mwishoni mwa Septemba, usaili ni Oktoba hadi Januari, orodha za upendeleo hufungwa mwanzoni mwa Machi, na matokeo yanatoka wiki ya tatu ya Machi. Angalia kwanza fani yako iko wapi, kwa kuwa uzazi na magonjwa ya wanawake wameshaondoka ERAS, na macho na mkojo wana mechi zao zinazomalizika mapema. Ndani ya Mechi, tafuta nafasi zenye alama ya R. Hizo zimewekwa kwa madaktari ambao tayari wana mafunzo, na zinaanza Julai ya mwaka uleule, tofauti na zile zinazokufanya usubiri mwaka mzima. Ni chache, lakini wanaozijua ni wachache pia.

Njia ya pili ni nafasi za mwaka wa pili au wa tatu zinazobaki wazi mtu akiondoka. Hizi hazina msimu. Vyama vya fani hutangaza, na nyingine hazitangazwi popote, zinajulikana kwa simu kati ya wakurugenzi. Barua pepe fupi kwa waratibu wa programu inafaa: mistari sita, mwaka uliomo, matokeo ya mitihani, aina ya viza, tarehe unayoweza kuanza, na kwamba mkurugenzi wako anajua. Hilo la mwisho ndilo linaloamua kama watajibu.

Jihadhari na kanuni moja ya Mechi. Ukipangiwa nafasi, umefungwa kuanza kazi hapo na kukaa angalau siku 45 za mwanzo. Aliyebadili mawazo kabla ya hapo lazima aombe NRMP, shirika linaloendesha Mechi, imfungue, na programu nyingine hairuhusiwi kumpa ofa ya mwaka huohuo kabla ya kibali hicho. Ukikiuka, unaweza kuzuiwa kushiriki Mechi za mbele.

Kumwambia mkurugenzi wa programu ndipo mikono inapotetemeka, hasa kwa sisi tuliolelewa tukijua mkubwa haambiwi habari ya kuondoka kwake. Lakini hakuna njia ya kumkwepa. Kanuni za ACGME, chombo kinachoidhinisha programu za residensi, zinaitaka programu inayompokea mhamiaji ipate uhakiki wa mafunzo yake ya nyuma na tathmini ya jumla ya uwezo wake kabla ya kumkubali, kisha na alama zake za hatua za ujuzi. Tathmini hiyo inaandikwa na huyohuyo mkurugenzi. Akisikia kwanza kutoka kwa mwenzake wa jimbo lingine, umepoteza barua yako muhimu kuliko zote.

Mwambie baada ya mzunguko wa majaribio na kabla ya kupeleka maombi. Kwa anayelenga Septemba, hiyo ni Agosti. Omba dakika 30, usimvizie koridoni. Sema mambo manne kwa utaratibu: umefikiri kwa muda gani na kwa njia ipi; ni nini cha fani mpya kinachokuvuta; kwamba utafanya kazi yako kikamilifu hadi siku ya mwisho; na unaomba barua. Usianze na malalamiko, hata kama unayo. Malalamiko ya kweli yana ofisi yake, ya mkuu wa elimu ya madaktari hospitalini, na yaende huko siku nyingine. Mkurugenzi ana shida yake pia: akijua mapema anaweza kutafuta wa kuziba nafasi yako ya mwaka wa pili, akijua Mei, wenzako ndio watakaobeba zamu zako. Wengi huitikia vizuri zaidi kuliko hofu inavyotuambia, kwa kuwa nao hawataki kufundisha asiyetaka. Wapo wachache wanaogeuka. Kwa hao, weka nakala za tathmini zako zote kabla ya mazungumzo, na baada yake andika barua pepe fupi ya kushukuru inayotaja mliyokubaliana.

Barua zako ziwe na ya mkurugenzi, na angalau mbili kutoka kwa mabingwa wa fani mpya waliokuona ukifanya kazi. Tiba ya dharura ina fomu yake ya barua inayofuata muundo maalumu, kwa hiyo barua ya kawaida haitoshi huko. Maelezo binafsi yatumie aya moja tu kuelezea kuhama. Usiiseme vibaya fani ya zamani. Asomaye anafanya nayo kazi kila siku, na kesho atakuwa anakuuliza ulijifunza nini huko. Taja kitu mahususi ulichobeba: aliyetoka upasuaji anajua kumtambua mgonjwa anayeanza kuzidiwa kabla namba hazijabadilika, na daktari wa usingizi anathamini hilo. Kwenye usaili utaulizwa utajuaje kwamba hutahama tena. Jibu linalosadikika ni la vitendo: wiki ulizokaa huko, zamu za usiku ulizofanya nao, watu uliozungumza nao, na yale usiyoyapenda ya fani mpya ambayo umeamua kuyabeba. Asiyeweza kutaja hata ubaya mmoja wa fani anayoitaka bado hajaijua.

Fanya Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari Marekani, kabla ya kuhama, ukiweza katika mwaka wa kwanza. Ni mtihani wa siku 2, H-1B inauhitaji, programu zinaupenda kwa mhamiaji, na majimbo mengi yana kikomo cha miaka ya kukamilisha hatua zote za USMLE. Ukianza fani mpya na kitabu cha zamani bado mezani, utakuwa unasoma viwili kwa wakati mmoja.

Mshahara uangalie kwenye mkataba. Hospitali nyingine zinalipa kwa mwaka wa programu, hivyo anayeanza upya anarudishwa ngazi ya kwanza. Nyingine zinahesabu miaka yote ya residensi uliyokamilisha. Uliza, maana wengi wetu tuna ada za wadogo zetu na matibabu ya wazazi kwenye bajeti hiyo, na mwenye J-1 haruhusiwi kufanya kazi za ziada nje ya programu kufidia. Ongeza gharama za maombi, leseni ya mafunzo ya jimbo jipya, kuhama nyumba, na wiki kati ya mshahara wa mwisho na wa kwanza. Bima ya afya nayo inaweza kukatika katika wiki hizo, kwa hiyo uliza tarehe ya mwisho ya bima ya zamani na ya kuanza kwa mpya, hasa kama una mtoto au mjamzito nyumbani.

Nyumbani nako kuna kazi. Familia iliyokwisha kuwaambia majirani kwamba mtoto wao ni bingwa wa upasuaji itauliza kwa nini anakwenda "kwa wagonjwa wa akili". Waeleze mapema, kwa utulivu, na kwa maneno ya kazi: mama, bado ni daktari, nimehama wodi. Wape na sababu ya nchi. Mabingwa wa akili, wa usingizi na wa patholojia ni wachache mno Afrika Mashariki, na hospitali ya mkoa isiyo na daktari wa usingizi haiwezi kumtumia ipasavyo hata huyo wa upasuaji. Kwa mwenye J-1 anayedaiwa miaka 2 ya kurudi nyumbani, hili linagusa kazi atakayoipata akirudi. Kwa anayetarajia msamaha wa sharti hilo kupitia mpango wa Conrad, wenye nafasi 30 kwa kila jimbo kwa mwaka na miaka 3 ya kazi sehemu zenye uhaba, afahamu kwamba majimbo mengi hutanguliza tiba ya msingi na magonjwa ya akili kuliko baadhi ya fani nyingine. Soma masharti ya jimbo unalolifikiria kabla ya kuchagua, wala si baada ya kuhitimu.

Na kama Machi ikifika hukupangiwa? Hilo linatokea kwa watu wazuri. Ndiyo maana hupaswi kujiuzulu kabla ya kuwa na mkataba mpya uliosainiwa, wala kusema "sitarudi Julai" kabla ya matokeo. Mkataba wa residensi ni wa mwaka mmoja mmoja. Soma kifungu cha taarifa, ujue ni siku ngapi unadaiwa, na usaini wa mwaka ujao kwa wakati wake mpaka uwe na mbadala. Wiki hiyo ya Machi zipo nafasi zilizobaki zinazogawiwa kupitia SOAP, lakini ingia humo ukiwa na orodha ya fani na miji uliyoiamua mapema ukiwa umelala vizuri, kwa kuwa maamuzi ya siku zile yanafanywa kwa saa. Aliye kwenye J-1 na ambaye miaka yake 2 itakwisha kabla ya msimu ujao, akae na TPL wake wiki hiyohiyo waone kama bado kuna nafasi ya mwaka wa pili nje ya Mechi inayoweza kuanza kabla ya tarehe yake.

Ukipata, kusanya makaratasi kabla ya kurudisha kitambulisho cha hospitali: tathmini zote, orodha ya taratibu ulizofanya kwa mikono na idadi zake, ratiba ya mizunguko mwezi kwa mwezi, cheti cha kukamilisha mwaka, rekodi za chanjo, na barua ya mkurugenzi inayotaja miezi unayohesabiwa. Bodi inaweza kuyadai miaka minne baadaye, wakati mratibu uliyemjua ameshaondoka na mfumo wa hospitali umebadilishwa. Hifadhi nakala ya kidijitali mahali pako mwenyewe, nje ya barua pepe ya hospitali, kwa sababu akaunti hiyo inaweza kufungwa siku utakayoondoka.